Tanzania na Burundi: Ujirani Hupimwa Wapi?

Yasemwa siku hizi, tena kwa furaha, kwamba Tanzania na Burundi zimepatana. Ushahidi unaotolewa si haba. Mwezi wa Septemba 2020 Rais Évariste Ndayishimiye, aliyekuwa ameapishwa Juni mwaka huo, alivuka mpaka akaja Kigoma, na hiyo ndiyo iliyokuwa safari yake ya kwanza nje ya nchi yake tangu kushika madaraka. Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan naye alikwenda Burundi, akapokewa kwa ngoma. Januari 2025 mkataba wa kujenga reli kutoka Uvinza mpaka Musongati ulitiwa saini, ili nikeli iliyolala katika ardhi ya Burundi ipate njia ya kufika bandari ya Dar es Salaam. Kwa nchi mbili ambazo mara kadhaa katika miaka hamsini zilitazamana kwa jicho baya, haya si mambo madogo.

Hapana mtu mwenye akili atakayeilalamikia reli, wala hapana atakayetamani siku za uadui zirudi. Lakini liko swali ambalo katika shangwe hizi haliulizwi, nalo ni hili: ujirani wa nchi mbili hupimwa wapi, na kwa kipimo gani? Waandishi wa hotuba huupima katika ukumbi wa mikutano, kwa idadi ya mikataba na bendera. Kipimo hicho si cha uongo, ila ni kifupi. Ujirani hupimwa mahali ambapo majirani hukaa. Kwa Tanzania na Burundi mahali hapo ni Buha, yaani nchi ya Kasulu na Kibondo. Na ukipimwa huko, hesabu yake haitoki sawa na ile ya ukumbini.

Heru Juu ni mahali padogo katika nyanda za Kasulu, lakini jina lake ni kubwa katika historia ya Waha. Huko ndiko yalikokuwa makao ya Mwami wa Heru, kama vile Muhambwe ilivyokuwa na Mwami wake upande wa Kibondo. Katika zama za Waingereza kiti cha Heru kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, jambo lililokuwa nadra katika Tanganyika nzima. Burundi nayo ilikuwa na Mwami wake, na cheo kiliitwa kwa neno lile lile. Upande huu mtoto ni umwana na ng'ombe ni inka. Upande wa pili vivyo hivyo. Mtu asiye na mifugo alimwendea mwenye ng'ombe wengi, akapewa mnyama kwa masharti ya utumishi na uaminifu, na mapatano hayo yaliitwa ubugabire pande zote mbili. Chumvi ya Uvinza ilipelekwa mpaka Burundi muda mrefu kabla Mzungu hajafika. Hata mto Malagarasi, ambao kwa sehemu ndio mpaka wenyewe, huanzia katika vilima vya Burundi, ukazitenga nchi mbili kwa kitambo, kisha ukaingia Tanzania na kumwaga maji yake katika ziwa ambalo nchi zote mbili huvua.

Mpaka huo si mkongwe kama unavyodhaniwa. Wajerumani walizitawala Buha na Burundi kwa pamoja. Mwaka 1916 Wabelgiji walizitwaa zote mbili, wakazishika pamoja kwa miaka mitano. Buha ilikabidhiwa kwa Waingereza mwaka 1921 tu, kwa kufuata mapatano ambayo Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikuwa wameyafikia mwaka 1919. Kalamu ya mabwana hao ingeelekea upande mwingine kidogo, watu wa Heru wangehesabiwa kuwa raia wa Burundi, na hotuba za leo zingewaita ndugu wa upande wa pili. Haya hayasemwi ili mpaka ufutwe. Dola za Afrika zilikubaliana Cairo mwaka 1964 kuiheshimu mipaka waliyoirithi, na zilikuwa na sababu njema. Yanasemwa ili ijulikane kwamba ugomvi wa nchi hizi mbili haukuanzia mashambani, wala haukuwa ugomvi wa Muha na Mrundi. Ulikuwa ugomvi wa serikali, ukaletwa mpakani.

Na uliletwa kweli. Mwaka 1972 serikali ya Micombero iliua watu wengi mno nchini Burundi, hasa Wahutu waliosoma, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania. Mwaka 1973 ndege za kijeshi za Burundi zilivuka mpaka zikashambulia vijiji vya Kigoma, Watanzania wakafa katika mashamba yao wenyewe. Wafanyakazi wa bandari wakakataa kuigusa mizigo iendayo Burundi, mpaka mazungumzo yaliyosuluhishwa na Mobutu wa Zaire yalipoituliza hali. Miaka ishirini baadaye, Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa na askari, vita vikaanza, na njia za Kibondo na Kasulu zikajaa watu tena. Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alitwaa serikali kwa nguvu. Siku sita baadaye viongozi wa nchi jirani, waliokutana Arusha chini ya uongozi wa Mwalimu Nyerere, waliifungia Burundi milango ya biashara. Vikwazo hivyo vilidumu mpaka Januari 1999.

Ni katika miaka hiyo Bujumbura iliposhika usemi ambao haujauacha hata baada ya wenye kusema kubadilika. Serikali ya Buyoya ilidai kwamba kambi za Kibondo na Kasulu zilikuwa maficho ya waasi wa CNDD-FDD, na kwamba Tanzania iliwalea. Madai hayo hayakuwa ya uzushi mtupu, kwa kuwa waasi walipita mpakani, na waliwapata wafuasi na chakula miongoni mwa wakimbizi. Lakini angalia yaliyofuata. CNDD-FDD iliingia madarakani mwaka 2005. Mwaka 2015 Rais Pierre Nkurunziza alipotaka kutawala kwa kipindi cha tatu, watu wakapinga, wakapigwa, wakakimbia. Mwezi wa Mei mwaka huo makumi ya maelfu walirundikana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikawaingia, na meli kongwe ya Liemba ikawa inawasomba kuwapeleka Kigoma. Haukupita muda, serikali ya CNDD-FDD nayo ikaanza kusema kwamba kambi za Kibondo na Kasulu zilikuwa maficho ya waasi. Wale wale walioshtakiwa jana wakawa washitaki, na shitaka halikubadilika hata neno. Lililobaki pale pale, zamani na sasa, ni kambi, na ndani yake mama mwenye watoto watatu na kadi ya mgawo.

Sasa hapana budi kuutazama upatanisho wenyewe, na kuuliza ulinunuliwa kwa kitu gani. Januari 2017 Tanzania iliacha kuwapokea Warundi kwa jumla kama wakimbizi. Kila mmoja alitakiwa kuithibitisha hofu yake peke yake. Julai mwaka huo Rais Magufuli na Rais Nkurunziza walikutana Ngara, na wakimbizi wakahimizwa warudi kwao. Agosti 2019 mawaziri wa nchi hizo mbili walipatana kwamba wakimbizi wote wa Burundi warejeshwe. Katika miaka ile ile masoko ya kambini, ambamo mwenyeji aliuza mihogo na mkimbizi akauza mafuta ya mgawo, yalifungwa. Biashara ndogo ndogo zikakatazwa. Na kutoka nje ya kambi kukawa kosa. Mwaka 2020 mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari za wakimbizi waliokamatwa Tanzania na kukabidhiwa Burundi pasipo hukumu ya mahakama yo yote. Desemba 2021 kambi ya Mtendeli huko Kakonko ilifungwa.

Ukizisoma tarehe hizi kando ya tarehe za ziara na mikataba, utaona kwamba zinakwenda pamoja kama magurudumu mawili ya baiskeli moja. Kadiri viongozi walivyokaribiana, ndivyo maisha ya kambini yalivyobanwa. Idadi ya waliorudi ikawa ndicho kipimo cha urafiki: wakiongezeka, husemwa kwamba uhusiano umeimarika, wakisita, husemwa kwamba wako watu wanaouchochea ugomvi. Hivi ndivyo mkimbizi alivyofanywa mahari katika ndoa ya serikali mbili. Na hili ndilo linalopingwa hapa. Amani haipingwi. Kinachopingwa ni amani kulipiwa na mtu asiyeulizwa.

Wako watakaojibu kwamba kumpokea mkimbizi wa jirani, na kumwacha akae, ni kumtukana jirani huyo, kwa kuwa ni kusema kwamba nyumba yake haikaliki. Jibu la hoja hiyo lilikwisha andikwa na Waafrika wenyewe. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 juu ya wakimbizi wasema wazi kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, wala halitahesabiwa na nchi yo yote kuwa ni tendo la uadui. Mkataba huo huo wamkataza mkimbizi kuitumia nchi iliyompokea kwa kuishambulia nchi yake, nao wasema kwamba kurudi kwake lazima kuwe kwa hiari. Mambo matatu yamewekwa pamoja, na hayatengani. Gitega yaweza kudai kwa haki kwamba silaha zisipite Kibondo. Haina haki ya kudai watu. Na Dar es Salaam, ambayo Mwalimu wake alitunukiwa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ajili ya kuwapokea wakimbizi, haina haja ya kuomba radhi kwa tendo ambalo Afrika nzima imeliita la amani.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hupendwa sana na wale watakao mgeni aondoke, kana kwamba jembe ni fimbo ya kumfukuzia. Maana yake ni kinyume cha hayo. Anayepewa jembe amepewa shamba, na aliyepewa shamba amehesabiwa kuwa mtu wa nyumba hiyo, mwenye wajibu na mwenye haki. Tanzania iliwahi kuifuata methali hii kwa ukamilifu. Wakimbizi wa mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa ardhi, wakafyeka pori. Baada ya miaka michache walikuwa wakijilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 2007 serikali ikawaambia wachague kurudi au kubaki, na kama 162,000 kati yao wakapewa uraia. Burundi haikuvunjika kwa sababu hiyo, wala Tanzania haikuzama.

Wale wa Nduta na Nyarugusu walipewa nini siku ya tatu? Walipewa mpaka wa kilomita nne kuizunguka kambi, na katazo la kulima nje yake. Kisha, mgawo wa chakula ulipopunguzwa kwa kuwa wafadhili wa ng'ambo hawakutoa fedha za kutosha, ilisemwa kwamba ni watu wategemezi. Mtu aliyefungwa mikono hashutumiwi kwa kutolima. Mkulima wa Kibondo ajua vizuri kuliko mtu wa mjini kwamba majirani hao walilima mashamba yake kwa ujira wakati wa palizi, na kwamba soko la kambi lilikuwa soko lake pia. Soko lilipofungwa kwa amri, mlango wa mwenyeji ulifungwa pamoja na wa mgeni.

Si haki kuficha yale ambayo wenyeji wameyavumilia. Miti imekatwa kwa kuni mpaka vilima vikabaki vitupu. Ujambazi wa bunduki umewahi kuzifanya barabara za Kasulu na Kibondo zisipitike pasipo askari wa kusindikiza. Mkoa wa Kigoma wenyewe ni miongoni mwa mikoa iliyochelewa kupata barabara za lami na umeme, na si ajabu mwananchi wake akiuliza kwa nini lori la chakula lapita mbele ya nyumba yake bila kusimama. Malalamiko haya ni ya kweli, na nchi tajiri zilizowasifu Watanzania kwa ukarimu na kuwaachia gharama zastahili lawama kubwa. Lakini dawa ya kuni ni kupanda miti na kutafuta nishati nyingine; dawa ya ujambazi ni polisi; dawa ya umaskini wa Kigoma ni kuitendea Kigoma haki. Hakuna hata moja kati ya maradhi hayo liponalo kwa kumsukuma mtu ndani ya lori na kumvusha Manyovu.

Tena kumsukuma hakudumu. Mwishoni mwa mwaka 2012 kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa kwa nguvu, na takribani watu 35,000 wakarudishwa Burundi katika miezi michache. Ilitangazwa kwamba suala limekwisha. Mwaka 2015, kabla hata miaka mitatu haijatimia, wengine kati ya hao hao walikuwa wakivuka tena mpaka ule ule, wakiwa maskini kuliko walivyoondoka, wakakutana Nyarugusu na watu waliowaaga zamani. Wengi walirudi Burundi wakakuta mashamba yao yana wenyewe wengine, kwa kuwa katika nchi ile ndogo iliyojaa watu ardhi haikai bure ikimngoja mkimbizi. Marejeo yasiyo na ardhi wala amani ni safari ya kwenda kuchukua hofu mpya.

Liko jambo la mwisho, nalo lawahusu Waha wenyewe, ingawa hutajwa kwa nadra katika mazungumzo ya mambo ya nje. Serikali ikikubali kwamba Mrundi ni mtu wa kurudishwa, lazima kwanza imjue Mrundi ni nani. Na katika Buha kumjua si rahisi. Mwaka 1997 askari waliwakusanya vijijini Kigoma watu waliosemekana kuwa wageni, wakiwamo waliokaa humo tangu 1972 na kuoa au kuolewa na Watanzania, wakawapeleka kambini. Septemba 2013 Operesheni Kimbunga ikafanya mambo kama hayo katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Msafiri wa Kasulu hushushwa katika basi akaulizwa nasaba yake, na wakati mwingine hutakiwa kusema maneno fulani ili matamshi yake yamtoe au yamtie hatiani.

Msomi wa lugha hawezi kulinyamazia hili. Kiha na Kirundi ni lugha zisizohitaji mkalimani kati yake. Tofauti zipo, lakini hubadilika kidogo kidogo kutoka kilima hata kilima, na msemaji wa Manyovu yu karibu zaidi na jirani yake wa ng'ambo kuliko na Muha wa kusini. Kuutafuta uraia katika ulimi wa mtu wa Buha ni sawa na kuyatafuta maji ya Burundi katika mto Malagarasi. Matokeo yake ni kwamba mtu ambaye babu yake alimlipa Mwami wa Heru kodi ya mtama hutakiwa kuthibitisha kuwa ni Mtanzania, jambo asiloulizwa mtu wa Dodoma. Hivyo siasa iliyoanza kwa kumbana mgeni imeishia kwa kumtilia shaka mwenyeji.

Basi ujirani wa Tanzania na Burundi upimwe hivi. Upimwe katika soko la Mabamba: je, mama wa Burundi aweza kuvuka na kikapu chake cha maharagwe, akauza, akarudi jioni, bila kutoa hongo kwa mtu? Upimwe kambini: je, mwenye kutaka kurudi hurudi akikuta shamba lake, na mwenye hofu husikilizwa hofu yake bila kunyimwa chakula ili abadili nia? Upimwe ndani ya basi la Kasulu: je, Muha aweza kusema lugha ya mama yake kwa sauti? Siku ambayo maswali haya yatajibiwa ndiyo, hapatakuwa na haja ya mtu kutangaza kwamba nchi mbili zimepatana. Watu wa Heru Juu watakuwa wamekwisha jua, na treni ya Musongati itapita Uvinza ikiwa imebeba nikeli tu, si deni la watu waliorudishwa kwa machozi ili njia yake ipate kufunguliwa.